UZI: Masaisi wa kasri, waliokaa juu ya gari la mfalme na hakuna aliyewatazama

Dereva wa Zamu:
Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi tangu ule mjadala wa misafara ya viongozi, leo nipo mapumziko, nimekaa na chai, tuanze.

Mimi ni dereva wa basi hapa London, mwaka wa kumi na moja sasa. Njia yangu inapita karibu na kituo cha Victoria, na pale kuna ukuta mrefu ambao miaka miwili ya mwanzo nilidhani ni gereza. Siku moja nikakwama nyuma ya gari la farasi wawili. Abiria wangu wanaguna, mmoja ananigongea kioo, na yule bwana aliyekaa juu na kofia yake ndefu hata shingo hageuzi. Akakunja kona, akaingia kwenye geti la ule ukuta, geti likafungwa. Ndipo nikaambiwa: pale ni Royal Mews, mazizi ya farasi na magari ya mfalme wa Uingereza. Siku ya mapumziko nikakata tiketi, nikaingia kama mtalii. Tangu hapo nimeshikwa na ugonjwa huu.

Sasa hoja yangu ni moja. Karibu kila kilichoandikwa kuhusu magari haya kinamhusu aliyekaa ndani: alivaa nini, alipunga mkono vipi, alikuwa na nani. Mimi ni dereva bwana, macho yangu yanakwenda kwa aliyeshika hatamu, yaani saisi, mwendesha gari la farasi.

Mtoto wa Bandarini:
Naweka kambi hapa. Mkuu endelea, usituache njiani kama ule uzi wa meli.

Dereva wa Zamu:
Hahaha, ule uzi wa meli nitaumalizia.

Tuanze na jengo, maana jina lake lina kichekesho. Hapo mwanzo Mews halikuwa banda la farasi. Lilikuwa banda la ndege. Wafalme wa Uingereza walikuwa na kozi wa kuwindia, na ndege hao kila mwaka wananyonyoka manyoya na kuota mapya. Wakati huo hawawindi, wanafungiwa. Jina Mews linatokana na huko kunyonyoka. Banda lilikuwa Charing Cross. Mwaka 1534, enzi za Henry VIII, likaungua. Lilipojengwa upya wakaingizwa farasi, lakini jina la ndege likabaki palepale. Mfalme George III alipoinunua Buckingham House miaka ya 1760 akaanza kuhamishia farasi huko, na jengo la sasa lilichorwa na John Nash, likakamilika 1825. Kiwanja cha zamani cha Charing Cross ndipo ilipo Trafalgar Square na jumba la picha la taifa. Ukienda kupiga picha na wale simba, jua umesimama kwenye zizi.

Jina likasambaa. Matajiri wa London nao wakajenga mabanda nyuma ya majumba yao: chini farasi na gari, juu chumba cha saisi na mkewe na watoto, harufu ya samadi inapanda nao ngazi. Vichochoro hivyo vyote vikaitwa Mews. Leo vyumba hivyo hivyo vinauzwa kwa mamilioni ya pauni. Saisi angefufuka asingeweza kupanga hata ghala la nyasi alilokuwa akilalia.

Bi Mwalimu wa Vuga:
Assalaam alaykum wanangu. Nimefurahi kuona mtu anaandika "saisi" bila kuona haya, maana vijana wa leo watakwambia "dereva wa farasi". Neno lipo katika kamusi zetu. Asili yake ni Kiarabu, mtu anayewachunga na kuwatuliza farasi, na Wahindi nao wanalo. Sasa niwape zawadi: mzizi huohuo wa Kiarabu ndio uliozaa neno "siasa". Maana yake ya awali ilikuwa kumwangalia na kumwongoza mnyama, baadaye ikahamia kuongoza watu. Kwa hiyo mwanasiasa na saisi ni ndugu wa tumbo moja.

Mtata Kidogo:
Bibi umemaliza uzi 😂😂 Tofauti ni kwamba saisi alikuwa anawalisha farasi wake.

Nyakati:
Shikamoo Mwalimu. Na mimi niongezee. Kuna kijiji Hungary kinaitwa Kocs, kilichosifika karne ya 15 kwa kuunda magari mepesi ya farasi. Jina la kijiji likawa jina la gari katika lugha nyingi za Ulaya, Kiingereza kikiwemo: "coach". Halafu karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakaanza kumwita hivyo mwalimu wa ziada, yule anayekubeba hadi ng'ambo ya mtihani, na wanamichezo wakalichukua. Sisi tukalipokea kama "kocha". Kila kocha wa Simba na Yanga akifukuzwa, jina la kazi yake limetoka kwenye warsha ya mafundi magurudumu.

Bi Mwalimu wa Vuga:
Marahaba mwanangu. Hilo la kocha sikulijua, nimelipokea.

Dereva wa Zamu:
Mnaona raha ya kuandika hapa? Mwalimu shikamoo, nimechelewa kukuamkia.

Turudi kazini. Watu wengi wanachanganya. Kwenye msafara wa kifalme kuna watu wa aina kadhaa na kazi zao hazifanani. Yupo saisi mwenyewe, anakaa juu kwenye kiti cha mbele na hatamu mkononi. Wapo wapanda farasi wanaovuta: hawa hawakai kwenye gari kabisa, wanapanda farasi wa kushoto wa kila jozi, na mkono mmoja wanamwongoza wa kulia. Wapo wa nyuma, wamesimama kwenye ubao, kazi yao kufungua mlango na kushusha ngazi. Na wapo wanaotembea kwa miguu kando ya farasi, tayari kumdaka akishtuka. Juu yao wote kuna bwana mwenye cheo cha Mkuu wa Farasi, cheo cha heshima cha watu wa ukoo mkubwa, na chini yake mtendaji anayeendesha mambo ya kila siku. Halafu ndio anakuja saisi mkuu, na huyo ndiye anayejua farasi gani ameamka vibaya.

Sasa hatamu. Hapa ndipo nilipovua kofia. Farasi wawili, sawa. Lakini farasi wanne, hatamu nne, zote zinakaa mkono wa kushoto! Ya farasi wa mbele kushoto inapita juu ya kidole cha shahada. Kati ya shahada na kidole cha kati zinakaa mbili, juu ya farasi wa mbele kulia, chini yake ya farasi wa nyuma kushoto. Ya nne inapita kati ya kidole cha kati na cha pete. Mkono wa kulia unabaki huru kwa mjeledi na kusaidia kona. Ukitaka kukata kona unamwambia wa mbele kwanza, wa nyuma anasubiri, la sivyo gari linapanda ukingo wa barabara. Mimi na usukani wangu wa umeme nilijiona mtoto.

Ujuzi huu ulikuwa mali ya kutafutwa. Ujerumani, Kaiser Wilhelm II alipotaka mazizi yake ya Berlin yaendeshwe kwa ustadi alimchukua Benno von Achenbach. Na Achenbach mwenyewe alijifunza Paris kwa saisi Mwingereza, Edwin Howlett. Namna yake ya kushika hatamu inafundishwa mpaka leo, na ina jina la Achenbach. Jina la mwalimu wake aliyetoka kwenye kiti cha saisi wanalijua wachache.

Binti Shela:
Hapa Lamu punda hana hatamu nne wala mbili, ana masikio. Sauti ya mwenyewe inatosha. Ukimpiga sana ndiyo anasimama kabisa katikati ya njia na watu wote wanakucheka.

Dereva wa Zamu:
Dada yangu, na kule ni hivyohivyo. Mjeledi ni wa kugusa na kusalimia, si wa kuchapa. Farasi wa Royal Mews wanafunzwa kwa sauti, kisha wanazoeshwa bendi, bendera, ngoma, watu wanaopiga kelele, kabla hawajaonyeshwa msafara wa kweli. Wapo kama 30 hivi siku hizi. Wa kijivu, ambao kwa mbali unawaona weupe, wanaitwa Windsor Greys, hao ndio wanaovuta gari la mfalme mwenyewe. Wengine ni Cleveland Bay, hudhurungi na singa nyeusi. Enzi za Malkia Victoria walikuwa wengi mno, na watumishi wengi kiasi kwamba mwaka 1855 alianzisha shule humohumo kwa ajili ya watoto wao. Ni kijiji, wakuu. Hata sasa masaisi wanaishi humo na familia zao, juu ya mabanda.

Mtata Kidogo:
Samahani mkuu, mimi naomba niharibu hali ya hewa. Hawa wafalme ndio waliotutawala. Tunakaa hapa kusifia waliowavuta barabarani huku wakipungiwa mikono? Saisi alikuwa mtumishi amevaa nywele za bandia. Tusipambe.

Mtoto wa Bandarini:
Mtata naye, kila uzi lazima.

Dereva wa Zamu:
Mwache, ana hoja. Nywele za bandia ni kweli kabisa. Sare kubwa ya sherehe ni nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, soksi ndefu za hariri, kofia ya pembe tatu, na wigi. Mtu mzima mwenye wajukuu anavalishwa mavazi ya karne ya 18 ili awe sehemu ya gari, kama taa au mpini. Na sisemi walikuwa mashujaa. Nasema walikuwa mafundi, na ufundi wao ulifichwa ndani ya hiyo sare. Hebu nikupe kisa cha gari la dhahabu uone kama nasifia.

Gari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya George III, likakabidhiwa Novemba 1762, gharama zaidi ya pauni 7,500 za wakati ule. Michoro ya ubavuni ya Mtaliano Cipriani, mbao zote zimepakwa dhahabu. Uzito tani 4. Linataka farasi 8 na haliwezi kwenda zaidi ya mwendo wa mtu anayetembea. Kila aliyetawazwa tangu 1831 amelipanda, na karibu kila aliyelipanda amelilaani. William IV, ambaye alikuwa baharia, alilifananisha na meli kwenye bahari chafu. Victoria alilalamikia kuyumba kwake. Elizabeth II alitamka kwenye televisheni kwamba ni baya mno. Sababu ni kwamba chumba cha abiria kimening'inizwa kwa mikanda ya ngozi, kwa hiyo linabembea mbele na nyuma na kwa ubavu pia. Mwaka 1953 ilikuwa baridi na mvua, wakamfungia malkia chupa ya maji moto chini ya kiti.

Sasa sikiliza. Gari hili lilipoundwa lilikuwa na kiti cha saisi mbele, juu, kimefunikwa kitambaa cha fahari. Akaja Edward VII. Akaamuru kiti king'olewe. Kwa nini? Kwa sababu saisi alikuwa anawazuia watu wasimwone mfalme. Tangu hapo gari linaongozwa na wapanda farasi wanne kwenye farasi wa kushoto, na watu wanaotembea kando, mmoja nyuma kabisa. Gari kubwa kuliko yote katika zizi, na saisi hana pa kukaa. Mtata, hapo nani kampamba nani?

Mtata Kidogo:
Hapo umenikamata kidogo. Kidogo tu.

Kamba Mbili:
Nipo Uholanzi, mji wa Den Haag, na hoja ya Mtata huku imepiganwa waziwazi. Watu wa Amsterdam walimpa Malkia Wilhelmina gari la dhahabu mwaka 1898. Ubavu mmoja una mchoro wa watu wa makoloni, Waafrika na Waasia, wanaleta zawadi kwa mwanamke mweupe aliyekaa kwenye kiti cha enzi. Kwa miaka mingi lilitoka kila Septemba siku ya kufungua Bunge. Mara ya mwisho ilikuwa 2015, kisha likapelekwa kukarabatiwa. Januari 2022 mfalme akatangaza halitatumika mpaka nchi iwe tayari. Sasa linatoka gari jingine, la vioo. Masaisi ni walewale, farasi ni walewale. Nimesimama barabarani mara tatu, niliyemtazama ni saisi, kwa sababu hakuna anayemkataza mtu kumtazama.

Mtata Kidogo:
Asante Kamba Mbili. Hiyo ndiyo habari. Na saisi wala haioni ile picha, ipo nyuma ya mgongo wake.

Dereva wa Zamu:
Nyuma ya mgongo wake... Sentensi hiyo nitaiiba.

Maana sasa tunafika sehemu niliyotaka kuifikia tangu mwanzo: siku ambayo nyuma ya mgongo wa saisi kunatokea jambo.

St. Petersburg, Machi 13, 1881 kwa kalenda ya sasa. Tsar Alexander II, mfalme wa Urusi, anarudi kasri. Gari lake limeimarishwa kuzuia risasi, zawadi ya Napoleon III wa Ufaransa. Saisi wake anaitwa Frol Sergeyev. Pembeni ya mfereji linatupwa bomu. Nyuma ya gari limevunjika, walinzi na mtoto mmoja wa mtaani wameanguka, lakini tsar hana hata mkwaruzo na farasi wanaweza kuvuta. Saisi anamsihi waondoke, gari linakwenda bado. Tsar anashuka kuwaangalia majeruhi na kumwona mkamatwa. Bomu la pili linamkuta amesimama chini. Akafa siku hiyohiyo. Nimeisoma habari hii kama dereva. Wewe unajua gari bado linatembea, unajua mahali hapa ni pabaya, miguu yako yote inataka kukanyaga mafuta, na aliyekaa nyuma anafungua mlango. Saisi hana uwezo wa kufunga mlango. Anaweza kusihi tu.

Nyakati:
Mkuu hapa nimesimamisha chai.

Dereva wa Zamu:
Madrid, Mei 31, 1906. Harusi ya Alfonso XIII na Victoria Eugenia, mjukuu wa Malkia Victoria. Wanarudi kanisani, mtaa wa Mayor, bomu limefichwa ndani ya shada la maua, linatupwa kutoka ghorofani. Farasi wakauawa, watu zaidi ya ishirini wakafa, wakiwemo wa msafarani. Bibi harusi damu imemrukia kwenye gauni. Sasa angalia utaratibu wa mazizi: kwenye misafara ya Uhispania kulikuwa na gari moja linalokwenda tupu, wanaliita gari la heshima. Watu walikuwa wanaona ni mbwembwe tu, gari zima na farasi wake na saisi wake, halina mtu. Siku ile mfalme na malkia walihamia humo wakafikishwa kasri. Saisi wa gari tupu. Kazi yake ni kuendesha hewa, mpaka siku moja.

Mtoto wa Bandarini:
Hiyo ndiyo gari la akiba sasa! Kumbe misafara yetu yenye gari mbili zinazofanana haijaanza leo.

Dereva wa Zamu:
Victoria mwenyewe alishambuliwa mara nyingi akiwa kwenye gari la farasi. Mwaka 1842 kijana mmoja, John Francis, alimlenga kwa bastola akakosa nafasi, akatoroka. Kesho yake malkia na mumewe Albert wakatoka tena makusudi, njia ileile, ili ajitokeze. Wapanda farasi wakaambiwa waende kasi kuliko kawaida. Fikiria unapewa maelekezo hayo asubuhi: leo tunampitisha malkia mbele ya bastola, nenda mwendo wa kutosha. Akajitokeza kweli, akafyatua, akakosa, akakamatwa.

Na si kwamba masaisi hawakukosea. Oktoba 1863 huko Scotland, usiku, saisi aliyeitwa Smith akapoteza njia gizani, gari likapinduka na malkia ndani. Aliumia uso na kidole gumba. Mtumishi wake John Brown alikuwepo na taa, naye akatoka na sifa zote. Smith alitoka na nini? Alitoka na historia inayomtaja kama mzee aliyechanganyikiwa. Mimi nimewahi kupotea njia usiku wa ukungu na basi zima la watu, ndio maana namwonea huruma.

Kamba Mbili:
Usisahau Vienna. Josef Bratfisch.

Dereva wa Zamu:
Nilikuwa namweka akiba! Basi mwage mwenyewe, wewe upo bara la Ulaya.

Kamba Mbili:
Kwa ufupi. Ikulu ya Austria ilikuwa na mazizi makubwa na masaisi wa sare. Mrithi wa ufalme, Rudolf, akiwa na safari zake ambazo hakutaka baba yake azijue, hakuwatumia hao. Alimtumia Bratfisch, dereva wa gari la kukodi mjini, mtu maarufu kwa kupiga mluzi na kuimba nyimbo za vilabuni. Januari 1889 ndiye aliyemleta Mary Vetsera, binti wa miaka 17, kwenye nyumba ya kuwindia ya Mayerling. Jioni ya mwisho aliwaimbia. Asubuhi ya Januari 30 wote wawili wakakutwa wamekufa kwa risasi. Ulaya nzima ilitaka kujua kilichosemwa njiani. Bratfisch hakusema. Alikufa 1892 na maneno yake.

Bi Mwalimu wa Vuga:
Mwenyezi Mungu amsitiri. Watu wa kazi za ndani wote wanaijua siri hiyo. Sayyida Salme, bintiye Seyyid Said, ameandika katika kumbukumbu zake namna watoto wa kasri ya Unguja walivyofundishwa kupanda farasi. Kila nikisoma hapo najiuliza waliowashika farasi wale walisikia nini.

Nyakati:
Na kuna kinyume chake: bwana kujifanya saisi. Juni 1791 Louis XVI na Marie Antoinette walipotoroka Paris usiku, masaisi wa ikulu wasingeaminika wala wasingeweza kutoka bila watu kujua. Pale Versailles walikuwa na mazizi mawili makubwa, Kubwa la farasi wa kupanda na Dogo la farasi wa magari, na hilo Dogo si dogo hata kidogo, yamelingana. Lakini usiku ule aliyeshika hatamu ni Axel von Fersen, bwana mkubwa wa Sweden, kavaa nguo za saisi wa kukodi. Alivusha familia hadi nje ya mji, Bondy, akaaga. Walikamatwa Varennes.

Mtata Kidogo:
Aaa, kumbe wakitaka kujificha wanavaa nguo za saisi. Kwa sababu wanajua hakuna anayemtazama. Mleta uzi, hoja yako imethibitishwa na mpinzani wako, nidai soda.

Dereva wa Zamu:
Soda unayo. Na mwaka 1953 ikatokea tena, mchana kweupe. Kutawazwa kwa Elizabeth II magari yalikuwa mengi, masaisi hawakutosha, vita na injini vilishawamaliza. Hata magari yenyewe mengine yaliazimwa kutoka kampuni ya filamu. Basi wakajitolea matajiri na mabwana wa mashamba waliojua kuendesha farasi kama mchezo, wakavalishwa sare za watumishi wa Buckingham, wakapanda juu. Watu waliopanga foleni kwenye mvua walimwona Malkia Salote wa Tonga, aliyekataa kufunikwa gari lake, wakamshangilia mpaka leo anatajwa. Aliyekuwa juu kitini, awe saisi au milionea, nani anamkumbuka?

Binti Shela:
Swali la mtu asiyejua: hawa masaisi bado wana kazi kweli, au ni maonyesho tu ya sherehe?

Dereva wa Zamu:
Wanayo dada, na hapa ndipo Afrika Mashariki inaingia. Balozi mpya akienda kuwasilisha hati kwa mfalme, Royal Mews wanapeleka gari la farasi kumchukua. Na kuna daraja. Balozi wa nchi za kawaida anapata farasi wawili. Mwakilishi wa nchi ya Jumuiya ya Madola anapata wanne. Kwa hiyo Kenya wanne, Tanzania wanne, Uganda wanne.

Mtoto wa Bandarini:
Rwanda waliingia Jumuiya ya Madola 2009, kwa hiyo nao wanne. Burundi wawili 😂 Warundi mpo?

Mrundi wa Bwiza:
Tupo. Wawili wanatosha, barabara ni ile ile.

Kamba Mbili:
Hilo jibu lifungiwe fremu.

Dereva wa Zamu:
😂😂 Na ziara rasmi za marais je? Mwalimu Nyerere alikuja Novemba 1975, Rais Moi Juni 1979. Desturi ya ziara za namna hiyo ni mgeni kupandishwa gari la farasi na mwenyeji wake. Mandela 1996 alipita na malkia, barabara imejaa watu.

Mzee Kikombe:
Vijana, mnaandika vizuri. Swali langu la kizamani: farasi wanapata nini wakimaliza kumbeba balozi?

Dereva wa Zamu:
Mzee wangu shikamoo. Karoti! Ni mila kabisa, balozi anawalisha karoti baada ya shughuli. Saisi anasubiri juu mpaka wamalize kutafuna.

Nyakati:
Na Prince Philip, mume wa Elizabeth II? Niliona mazishi yake kuna gari dogo limesimama peke yake.

Dereva wa Zamu:
Ndio, Aprili 17, 2021, Windsor. Aliacha mchezo wa polo mwaka 1971 akiwa na miaka 50, akahamia kwenye mashindano ya kuendesha magari ya farasi, na alishiriki kutunga kanuni zake za kimataifa. Siku ya mazishi gari lake lililetwa na farasi wadogo wawili weusi, kitini wameweka kofia yake, glavu zake na kikopo cha sukari aliyokuwa akiwapa farasi. Katika ukoo ule, huyu alitoka ndani akaenda kukaa juu.

Mzee Kikombe:
Marahaba. Sasa na wewe, kwenye basi lako, nani anakutazama?

Dereva wa Zamu:
Mzee umenipiga pabaya. Wananitazama nikichelewa.

Ila ngoja niwape moja kabla sijalala, kesho natoka na gari la kwanza saa kumi na moja kasoro alfajiri. Wiki iliyopita, asubuhi, taa nyekundu, upande wangu wa kulia limesimama gari la mazoezi, farasi wawili wa hudhurungi, halina mtu ndani. Kioo changu kipo wazi. Farasi wa karibu anatoa mvuke puani, namsikia anavyotafuna lijamu. Juu saisi wa makamo, koti jeusi, hakuna wigi siku hiyo. Tukatazamana. Nikamnyanyulia mkono kama tunavyonyanyuliana madereva wa basi tukipishana. Akainua mjeledi kidogo, wima, akaurudisha. Taa ikawaka, yeye akatangulia, mimi nikamfuata nyuma mpaka kona ya geti lake. Abiria walikuwa wanaguna.

Mtata Kidogo:
Uzi wa meli lini?